Safu ya Kumi na Nne Yamnyamazia Iwakura

Sakai, 24 Mei 1983

Mdogo wangu Shizue,

Salamu zikufikie huko Kushiro kwenye ukungu wenu. Sisi wa huku wazima. Wifi yako Fusae anakusalimu na anasema ule mwani uliotuma mwezi wa tatu umekwisha. Mimi sisemi kitu, maana mlaji mkubwa nilikuwa mimi. Mjukuu wetu ameota jino la pili na anamng'ata kila anayembeba. Duka langu la kunyoa linakwenda. Jumatatu nafunga, na Jumatatu besiboli haichezwi, hivyo aliyepanga wiki aliwafikiria watu kama mimi.

Sasa ya maana. Kile kijembe cha wali kimeua. Jumamosi, zamu ya saba, mrushaji wetu amekwishapigwa mipira minne mfululizo, ndipo Kocha Iwakura anatoka kwenye kibanda cha timu polepole, mikono kwenye mifuko ya nyuma, kwenda kumbadilisha. Nikasubiri ile pumzi moja ambapo matarumbeta ya mashabiki yananyamaza. Nikakiachia: "Iwakura! Wali umeshaungua, ndio unazima moto?" Shizue, watu waliinama kwa kucheka. Mrushaji wa wageni alificha uso kwenye glavu. Hata mwamuzi alicheka. Iwakura hakugeuka. Miaka kumi na minane anaifundisha timu ya Korongo, na miaka kumi na minane hajageuka kututazama hata mara moja. Ndiyo maana tunampenda.

Mzee Munekata, yule mwuza viatu anayekaa kushoto kwangu, alininunulia bia mbili akasema, "Toyo, ukifa hicho kichwa kizikwe peke yake." Nikanywa bia zangu zote mbili. Najua ungependa siku moja niseme vijembe hivi vinatoka wapi. Lakini hebu fikiria. Mimi ni mkuu wa Safu ya Kumi na Nne jukwaani, mtu ambaye hakuna anayeruhusiwa kumrushia kocha neno kabla sijafungua mimi. Niseme kwamba maneno yangu yote huandikwa na dada yangu anayepanga mayai ya samaki kiwandani, na ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wetu? Hawatanisalimia tena.

Tuko mkiani, kama ulivyozoea. Nitumie vingine vitano sita kabla ya Julai, na safari hii viwe vifupi, koo linanikwaruza kidogo kwa hali ya hewa hii. Usipige simu. Simu ya dukani ina kelele siku hizi. Andika tu.

Kaka yako,
Toyokichi


Kushiro, 11 Juni 1983

Kaka Toyo,

Barua yako nimeipata na nimefurahi kwamba wali umeua. Huku wazima. Ukungu umetukalia, nguo zinashinda kambani siku tatu na kurudi ndani na maji yake. Kaburi la mume wangu Yasuhei nimelisafisha na nimemfikishia salamu za shemeji yake. Nimetuma mwani kilo mbili. Moja ni ya wifi yangu, usiiguse.

Haya, kazi yako. Akitoka na mikono yake mifukoni, mwambie: "Iwakura! Unatafuta nini huko nyuma? Ushindi haumo!" Mrushaji akikosa shabaha: "Iwakura! Huyo mpe ramani, siyo mpira!" Kuna kingine cha mpigaji anayelala na gongo begani, lakini mwisho wake bado haujanikalia vizuri. Nitakumalizia nikiwa zamuni, vijembe vyangu vizuri hunijia pale mikono inapokuwa kwenye maji baridi.

Munekata mwambie kwamba kichwa chako kikizikwa peke yake, mwili utabaki bila shughuli yoyote. Na mimi sitaki kutajwa. Ningetaka, ningeshalalamika tangu mwaka wa tatu.

Sasa nijibu jambo moja. Nilipiga simu Jumapili. Kelele sikuzisikia, ila wifi alisema unaoga. Nikapiga Jumatano saa nne asubuhi, unaoga. Nikapiga jana, unaoga. Mwanamume anayeoga hivyo ni bwana harusi, au kuna kitu anakificha. Wewe ni yupi?

Mdogo wako,
Shizue


Sakai, 21 Julai 1983

Mdogo wangu Shizue,

Barua imechelewa kwa sababu ya joto. Naoga pia kwa sababu ya joto. Wewe unayeishi ndani ya jokofu huwezi kuelewa. Sisi wazima, mjukuu ana meno manne, Fusae ameshonewa yukata mpya ya kuvaa kwenye joto hili na hataki niseme aliipata kwa kiasi gani.

Bila shaka huko gazetini kwenu haijaandikwa, kwa hiyo isikie kwangu: Iwakura anastaafu. Mechi yake ya mwisho ni Jumapili tarehe 16 Oktoba, hapa hapa nyumbani.

Redio ilitangaza saa tano asubuhi. Nilikuwa namnyoa Munekata ndevu, povu limemfika masikioni. Huyu ndiye mtu aliyeiandikia klabu barua tisa akitaka Iwakura afukuzwe. Akaniambia, "Ondoa wembe." Nikauondoa. Akalia, Shizue, machozi yanachimba njia kwenye povu.

"Anaondokaje?" anasema. "Nani kamfukuza?"

Mwuza magazeti akamjibu akiwa mlangoni, "Si wewe, mzee? Barua tisa."

"Zile zilikuwa za kumtia moyo," akasema Munekata, na alimaanisha.

Jioni duka lilijaa Safu nzima. Kuna waliosema tumemchosha sisi kwa midomo yetu. Kuna waliosema ni mgongo. Mwalimu Hirooka, yule wa hesabu, alisema mtu akitukanwa miaka kumi na minane bila kujibu, ama ni mtakatifu ama ni kiziwi, na kwa vyovyote vile hatutapata mwingine. Wakanigeukia nitoe neno. Nikatikisa kichwa tu. Wakasema mkuu ana uchungu mzito, tumwache.

Cha ramani sijakitumia. Nakiweka. Kwa siku ile ya Oktoba usiniandikie kitu. Nina neno langu moja la kumwambia Iwakura, nimelitunga mwenyewe na nitalisema mwenyewe.

Kaka yako,
Toyokichi


Kushiro, 3 Agosti 1983

Kaka Toyo,

Huku wazima. Natumaini meno ya mjukuu yanaongezeka.

Tangu lini wewe unaweka kijembe? Hujawahi kulala na kijembe mfukoni hata usiku mmoja. Nilipofika kwenye mstari huo nikaenda simuni, nikamwambia wifi yangu kwamba asiponieleza napanda treni kesho. Usimgombeze, alinieleza huku analia. Sauti yako inakwenda na kurudi tangu Aprili. Tangu katikati ya Juni haijarudi, unanong'ona, na wateja wanadhani umekuwa mstaarabu. Kooni una uvimbe, wameukata kipande wakaupima, na jina lake si zuri. Daktari anataka kuutoa kabla ya katikati ya Septemba, na sauti itatoka pamoja nao. Na wewe umemwambia asubiri mpaka tarehe 17 Oktoba kwa sababu tarehe 16 una miadi.

Miadi. Na mtu ambaye hajawahi hata kugeuka kukutazama.

Nikuambie kitu ambacho sijakuambia. Kila barua naandika "huku wazima". Hao wazima ni mimi na redio. Tangu Yasuhei afariki, nikiwa kwenye mstari kiwandani mikono inapanga mayai, kichwa kinamtafutia Iwakura kijembe. Nikikipata nacheka, na wenzangu wanadhani nimechanganyikiwa. Nikifika nyumbani nakiandika kabla sijavua viatu vya mpira. Hiyo ndiyo siku yangu, Kaka, mwaka wa pili sasa. Sikusema kwa sababu ungenionea huruma, na wewe ukiwa na huruma unachosha sana.

Ukifa nitamwandikia nani? Iwakura?

Nenda ukakatwe.

Shizue


Sakai, 27 Agosti 1983

Mdogo wangu Shizue,

Barua yako ilifika tarehe 8 na leo ni tarehe 27. Ndiyo, nilikuwa nakukwepa. Sisi ni wazima wengine na mmoja mgonjwa, haya, nimesema.

Ningejua kuhusu redio ningekuandikia kila wiki. Mimi mjinga, nilidhani una majirani.

Lakini nisikilize. Daktari alisema "ni vizuri zaidi" kabla ya tarehe 15. Hakusema "lazima". Ni mwezi mmoja tu. Sauti kidogo ninayo, chini kabisa, na naitunza. Sisemi hata na Fusae. Naandika kwenye kibao cha mjukuu cha kuchorea. Ninaamini kabisa nina sentensi moja imebaki humu kooni, na ni ya Iwakura.

Usidhani naogopa kisu, kwa kazi yangu hii nitaogopaje. Siku ya kwanza aliyotoka kibandani, Aprili 1966, na kofia mpya imemkaa juu ya masikio, aliyemfungulia ni mimi. Aliyemfungulia ndiye wa kumfungia. Siku ile nisikie mtu mwingine anafanya kazi yangu mbele yangu? Bora wakate na kichwa.

Mechi nakwenda zote. Nakaa pale na mdomo wangu nimeufunga, na Safu nao wameufunga. Sheria ni sheria, mkuu hajafungua, hafungui mtu. Wiki ya kumi hii, Safu ya Kumi na Nne haijatoa neno. Wananitazama. Hawaelewi, lakini ni watu wa adabu, hawaulizi.

Tuombe mvua zisiahirishe mechi.

Kaka yako,
Toyokichi


Kushiro, 1 Septemba 1983

Kaka,

Salamu kwa wifi. Yako nitakuletea siku utakayokatwa.

Wiki kumi za kimya, na hujajiuliza Iwakura anasikia nini? Kila siku anatukanwa na watu walewale. Ghafla hakuna anayemwambia kitu, hata alipotangaza kwamba anaondoka. Yasuhei na mimi tulikuwa tukigombana kila jioni kuhusu moto wa kuchemshia maji ya kuoga, na siku nilipoacha kugombana naye aliniuliza kama nataka kumwacha. Kocha wenu anakwenda nyumbani akidhani mmemchoka kiasi kwamba hata kumtukana hamtaki. Wewe unajitunzia sentensi, yeye anaumia kila jioni kwa ajili yake.

Na ukitaka kujua msimamo wangu: nimefunga duka. Kijembe cha mpigaji anayelala nimekimaliza na ni kizuri kuliko cha wali. Hukipati. Hupati hata kimoja, cha Iwakura wala cha atakayemfuata, mpaka wifi aniambie umeamka kutoka kwenye meza ya daktari.

Shizue


Sakai, hospitalini, 26 Septemba 1983

Mdogo wangu Shizue,

Nimekatwa tarehe 9. Fusae amekupigia, najua, lakini nataka uipate kwa mkono wangu. Uvimbe umetoka wote, daktari amefurahi kama aliyeshinda kombe. Ninapumulia mahali papya shingoni na siwezi kutoa hata mguno. Chakula ni uji. Msaidizi wangu ndiye anayenyoa wateja na wanasema mkono wake mwepesi kuliko wangu, washenzi hao.

Ulisema kweli kuhusu Iwakura. Siku tatu baada ya operesheni gazeti la michezo liliandika kwa herufi kubwa: "Safu ya Kumi na Nne yamsusia Iwakura." Eti tumemtenga kwa sababu anatukimbia tukiwa mkiani. Wiki hiyo hiyo kocha msaidizi alikuja dukani na boksi la keki, akamwinamia Fusae, akauliza, "Mama, wamekasirika? Mzee halali. Anasema angalau wangemzomea." Fusae ikabidi amweleze kwamba mkuu yuko hospitalini, koo. Akaapa hatamwambia Iwakura mpaka msimu uishe, mzee asije akaacha timu na kukimbilia huku.

Basi Safu nao wamejua. Walikuja wote, wamebeba matikiti maji. Nikaandika kwenye kibao: FUNGUENI NYINYI. Wakakataa. Nikaandika: NI AMRI. Wakajaribu papo hapo, kando ya kitanda. Munekata alianza kulia kabla ya kufika kwenye jina. Mwuza magazeti ana sauti lakini anawahi, anakiachia matarumbeta bado yanalia. Mwalimu Hirooka alisema, "Mheshimiwa Iwakura." Muuguzi akawafukuza.

Lile neno langu sitalisema tena, kwa hiyo nakuambia. Nilitaka kumwambia: "Iwakura, pole na kazi." Basi, hilo tu.

Shizue, njoo ufungue wewe. Una mapigo ya maneno hayo kwa sababu ni yako. Wakiuliza nitawaambia ni dada yangu amekuja kuniuguza. Nimejaribu kumfikiria mtu mwingine na simpati. Sijawahi kukuomba kitu isipokuwa vijembe.

Kaka yako,
Toyokichi


Kushiro, 4 Oktoba 1983

Kaka Toyo,

Nimesoma mwandiko wako mara tatu na mara zote nimeshukuru. Nimefukiza uvumba kwenye meza ya kumbukumbu ya Yasuhei, nikamwambia umetoka salama. Mwani nimetuma, laini, wa kutia kwenye uji.

Siwezi kuja. Ni msimu wa samoni, mayai yanafika kwa malori na msimamizi hatanipa hata nusu siku. Treni mpaka Hakodate, meli, halafu treni tena usiku na mchana, kwa umri wangu na miguu hii. Na sauti yangu haijatoka nje ya ukuta wa nyumba tangu nilipoolewa. Kuandika ni kitu kimoja, kusimama mbele ya watu elfu ishirini ni kingine. Mtafute mtu wa huko huko.

Kuhusu neno lako, sikufichi, halifai. Mtu umemsema miaka kumi na minane, siku ya mwisho unampa pole? Atadhani naye kalazwa hospitalini. Yule hataki kufarijiwa. Anataka kusikia kwamba mambo ni yale yale.

Kwa udadisi tu, nijibu haraka: ile pumzi ambayo matarumbeta yananyamaza ina urefu gani? Mtu anaweza kusema maneno mangapi? Na Iwakura hutokea upande gani?

Shizue


Sakai, 23 Oktoba 1983

Mdogo wangu Shizue,

Wifi yako anasema barua huanza na salamu hata kama mmeonana wiki iliyopita. Haya, sisi wazima, na safari hii neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika. Daktari aliniangalia Alhamisi akaridhika. Sauti hairudi. Labda mnong'ono, nikifanya mazoezi. Niliingoja huzuni, ikaja, ikakaa siku mbili, kisha Fusae akaniletea taulo za duka nizikunje. Jumanne narudi kazini.

Ulitukimbia kwa ajili ya treni ya jioni, mimi nina kibao na chaki tu, na watu wanakusukuma huku na huku, kwa hiyo hatukuzungumza. Kuna mambo mengi hukuyaona. Baada ya kufungua, ulikaa chini ukajifunika mtandio kichwa kizima, kama mtoto aliyevunja dirisha la jirani. Nimeona ni wajibu wangu kukueleza.

Unakumbuka alivyotoka. Karatasi ya majina ya wachezaji, ya kumpa mwamuzi, iko mkono mmoja, mkono wa pili mfukoni. Watu elfu ishirini wamesimama wanapiga makofi ya adabu, yale ya kuaga mtu wa ofisini. Amekwenda kichwa kimeinama. Safu yetu kimya. Nilikuwa naona shingo yake kwa nyuma na nikasema moyoni, huyu tumemvunja. Matarumbeta yakanyamaza. Nikakugusa kiwiko.

"Iwakura! Unaondokaje, na vijembe vyetu hatujavimaliza!"

Sijui sauti hiyo uliificha wapi. Ilikuwa na Kushiro yote ndani yake, ukungu na malori ya samaki, na ilifika mpaka kwenye ubao wa matokeo. Hapo ndipo ulipozama kwenye mtandio.

Hakuna aliyecheka. Iwakura alisimama. Kisha akageuka. Mimi nilikuwepo, Munekata alikuwepo, na wote tutaapa: aligeuka. Akaitazama Safu kuanzia mwanzo, mtu mmoja mmoja, akafika kwangu, akaona bendeji shingoni. Nikaona anaelewa. Nikainua kibao. Najua ulilikataa neno langu, lakini nilikwisha kuliandika tangu asubuhi: POLE NA KAZI. Sijui kama kwa umbali ule alisoma. Alivua kofia, na ana upara zaidi ya tulivyodhani.

Munekata ndiye aliyefuata. "Iwakura! Zile barua zangu tisa nirudishie!" Akafuata mwuza magazeti, safari hii hakuwahi. Akafuata mwalimu Hirooka, ambaye kumbe anayajua maneno mengine mbali na mheshimiwa. Shizue, miezi minne ya vijembe ilitoka kwa mpigo, kila mmoja alikuwa na lundo lake. Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Mwamuzi akaja kumshika Iwakura bega kwamba muda umefika. Iwakura akanyoosha mkono kumzuia. Dakika nne nzima, nilitazama saa, alisimama pale katikati anasemwa, machozi yanamtiririka na anacheka kwa sauti. Baadaye wachezaji walimrusha hewani mara tano kama kawaida ya kuaga, na kabla ya hapo tulifungwa saba kwa mbili.

Wakati ule ule wa kelele Munekata alinivuta shati. "Toyo, huyu mama ni nani?"

Nilikuwa nimepanga kuandika "dada yangu". Nilishika chaki, nikafuta lile neno la Iwakura, nikaandika: NDIYE MWENYE VIJEMBE. VYOTE. MIAKA KUMI NA MINANE.

Munekata alisoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Akasema, "Kwa hiyo bia zangu zote hizo nilikuwa nammiminia mtu siye."

"Hata cha wali?" akauliza mwalimu.

Nikakuelekezea kidole.

"Na kile cha daktari wa meno, mwaka sabini na moja?"

Kidole.

Wewe uko ndani ya mtandio, hujui lolote. Walivua kofia zao mmoja baada ya mwingine, safu nzima, wakauinamia mtandio.

Maneno hayo ningeweza kuyasema nikiwa na sauti ya kutosha kumwamsha mlinzi wa lango la nje. Sikuyasema kwa sababu nilipenda kusifiwa, hakuna sababu nyingine. Nilijua unataka kutajwa. Nilijua tangu mwaka wa tatu, uliposema hutaki. Nisamehe, mdogo wangu.

Jana Safu walikutana dukani. Kiti cha mwanzo, kile cha pembeni mwa ngazi, huandikwa jina la anayefungua. Langu wamelikwangua. Lako amelipaka Munekata mwenyewe kwa rangi ya viatu, nusu ya herufi zimekosewa na haifutiki. Mimi nimehamishiwa kiti cha pili, karibu yako, kazi yangu ni kukugusa kiwiko. Na Fusae amesafisha chumba cha juu. Ametupa masanduku yangu yote bila kuniuliza, ametandika godoro jipya, amenunua na redio, halafu akairudisha dukani, akasema hapa haitahitajika.

Mayai ya samoni yanakwisha Novemba. Msimu wetu unaanza Aprili, na kocha mpya ana masharubu.

Njoo ukae.

Kaka yako,
Toyokichi